Vigae Nilivyovipulizia

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba macho yako bado yanaziona skrubu za saa bila kugombana na miwani. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haijatulia, na nakueleza wewe kwa sababu sina mwingine.

Uliniuliza tunatengeneza nini hasa. Kuna mashine inayogonganisha chembe ndogo kuliko chochote ulichowahi kushika kwa kibano, na sasa wataalamu wanataka migongano iwe mingi kuliko zamani, mara nyingi tu. Vitambuzi vinavyonasa kinachorushwa na migongano hiyo vimechoka, mionzi imevila, na msongamano huo mpya haviuwezi. Kwa hiyo tunaunda vipya. Mimi naunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele kwenye vigae vya silikoni, ndani ya chumba kisichotakiwa hata vumbi. Tunavaa suti nyeupe, kofia, glavu na barakoa.

Mwezi uliopita niliona kiuzi cha vumbi juu ya kigae. Sheria ni kumwita mtu aje na bomba la hewa kavu. Mimi nikashusha barakoa nikapuliza, fuu, vilevile unavyopuliza saa. Nikaona kimetoka, nikapuliza na vingine. Vigae kumi na viwili, Baba. Mate hayaonekani, lakini yana chumvi. Vilipowekwa kwenye umeme wa majaribio, vinane nyaya zake zikaliwa na kukatika. Vinne vimepita, na vitafungwa ndani ya kitambuzi hivyo hivyo.

Mkuu wa chumba akasema kosa ni la gundi inayoshikilia vigae. Anayechanganya gundi ni mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja tunayemwita Bi Gundi, ndiye aliyenifundisha kazi. Wamemtoa chumbani, sasa anafunga maboksi stoo. Nilikuwepo kikaoni. Nilitazama viatu vyangu mpaka kikao kikaisha. Naona aibu hata kuandika.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo tumeshazoeana.

Barua yako niliisoma kibandani, nikaikunja haraka mteja asije akauona uso wangu. Unajua ninavyojigamba. Kila anayeleta saa lazima asikie kwamba binti yangu yuko kwenye mashine kubwa ya sayansi. Siku hiyo fundi viatu aliniuliza habari zako, nikajifanya sikusikia.

Kupuliza umejifunza kwangu, sikatai. Saa nikiipuliza vibaya, mwenyewe ataniletea kesho yake. Hivyo vyenu atavirudisha nani? Lakini kunyamaza huku mwenzako anabeba mzigo wako, hilo hukulitoa nyumbani kwangu. Nenda ukaseme. Ukishasema, niandikie. Kabla ya hapo usiniulize hata hali.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesema. Mkuu amenielewa na Bi Gundi amenisamehe. Usiwe na wasiwasi tena. Kazi ni nyingi, nitaandika kwa kirefu nikipata nafasi.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na marahaba nyingine juu yake. Hujambo? Unakula? Mimi hata mgongo umenyooka. Fundi viatu nimempigia hadithi zako mpaka ameniomba nimwache ashone.

Humu ndani nimeweka barua ya kumpa Bi Gundi. Uwe mkubwa kiasi gani, mimi bado ni mzazi wako, na lazima niombe radhi na mimi. Kama hasomi lugha yetu, msomee wewe, neno kwa neno. Usinipunguzie wala usinipambe.

Baba yako

22 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo, ingawa najua kimya changu kimekutia mawazo.

Barua ya Bi Gundi nilitembea nayo mfukoni wiki tano. Kisha nikasikia vile vigae vinne vinafungwa Ijumaa. Vikishafungwa hakuna atakayevigusa kwa miaka kumi. Jumatano nikaenda stoo.

Nilimkuta anabandika lebo. Akanivutia boksi nikae, akaniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia baba yangu amemwandikia. Akafurahi, akajifuta mikono. "Haya, nisomee."

Nikaitazama karatasi, nikasema, "Anakusalimu sana."

Akasubiri. "Ukurasa mzima ni salamu? Baba yako ana maneno huyo!" Akacheka.

Ningeweza kubuni, Baba. Hajui hata neno moja la lugha yetu, na mdomoni nilikuwa nimeshaandaa habari za afya yako na za kibanda. Lakini macho yangu yakatua pale ulipokandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nikamsomea: "Binti yangu alikosa, ukaadhibiwa wewe. Nisamehe mimi niliyemlea. Nashukuru alikuja mwenyewe akakwambia."

Bi Gundi hakucheka tena. Akaiweka lebo juu ya boksi, akanigeukia.

"Baba yako anadhani umeshaniambia?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

Tulikwenda pamoja kwa mkuu. Vigae vinne vimetolewa. Bi Gundi amerudi mezani kwake, mimi nimeondolewa chumbani, na sijui kama watanibakiza kazini. Hajanisamehe, na sikuthubutu kumwomba. Tulipotoka aliniambia jambo moja tu: "Sasa mwandikie yeye."

Ndiyo nimeandika. Tarehe kumi na moja Aprili nilikudanganya, sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Aliyemwomba radhi ni wewe. Mimi nilikuwa nasoma tu.

Mwanao