Jina Lililoletwa Kaburini

Mjukuu wangu Biira,

Sote tu wazima hapa Bwera. Babu yako amepona kikohozi, na kahawa imeanza kuiva. Umeniuliza lile kaburi la migombani ni la nani, maana jina lake si la ukoo wetu.

Nilikuwa msichana, miaka ya sitini, wakimbizi wakivuka kutoka Kongo kuja huku kwetu. Tulimkuta mtoto wa kike kando ya mto Lubiriha wa mpakani, ameuawa kwa risasi. Hakuna aliyemjua. Mama yangu na mimi tulimwosha, nikaona vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vimeungana. Tukamzika bila jina.

Miaka ikapita, nikazaa. Siku moja sokoni, mama muuza maharagwe kutoka Butembo alikuwa akichezea miguu ya mwanangu, mara akavishika vidole vyake.

"Mutoto yangu alikuwa na vidole mbili yenye kushikana," akasema. "Vita ilitutenganisha pa mutoni."

Nikamuuliza, "Mguu gani?"

"Ya kushoto."

Nikamshika mkono, nikamleta nyumbani. Alilia sana kaburini. Nilidhani nimemwongezea msiba, lakini alipoinuka uso ulikuwa umetulia.

"Anaitwa Kavira," akasema. "Nilimutafuta mu makambi yote. Sasa najua kwenye iko."

Msimu uliofuata alirudi na wanawe wawili.

"Mumusalimie dada yenu," akawaambia.

Wakapiga magoti, kila mmoja akamtajia Kavira jina lake mwenyewe.

Mungu akutunze huko masomoni.

Ni mimi bibi yako.