Samaki Kiunoni

Mjukuu wangu uliye mbali,

Mimi mzima, na meno yangu mawili bado yananitii. Shida ni dada yako. Anazama na mtungi wa hewa na bunduki ya mshale, kisha samaki anaowachoma anawafunga kiunoni badala ya kwenye boya, damu inamfuata kama mkia.

"Babu, wewe unaogopa hata maji ya kuoga!" ananicheka.

Jana nilikuwa mashuani nikitazama mapovu yake. Akaibuka, kamba ya samaki imekatwa, suti ya mpira imechanika pajani.

"Papa mdogo tu, Babu."

Jumamosi anarudi palepale. Simu yangu ameificha nisimshtaki kwako, ndiyo maana nimempa dereva wa basi karatasi hii akuletee. Wewe anakusikiliza. Mpigie sasa hivi. Salamu zangu nitakuandikia baadaye.

Babu yako mwoga