Beki Bubu ni Tundu

Idrisa, ndugu yangu,

Nimekasirika, wala sikufichi. Kila Ijumaa wenzetu wanakuombea dua, na mimi naitikia amina, lakini nikitoka msikitini hasira zinanirudia kabla sijavaa viatu. Ulikuwa unaumwa kifua na hukusema. Mama yako aliponipigia simu kutoka Tanga aliniuliza, "Hata wewe hakukwambia?" Nikamjibu, "Hata mimi." Mimi niliyelala nawe chumba kimoja bwenini!

Najua uliogopa. Kila mwanafunzi mgeni hapa Guangzhou anaogopa kupimwa, asije akaambiwa hafai, akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Lakini mimi si daktari wa chuo, Idrisa. Mimi ningekuburuta hospitali huku unanitukana.

Sasa sikia wanavyokufanya. Kocha anawaambia wachezaji wapya kwamba ukuta wa timu ya chuo ulianza kwako, na hilo ni kweli. Halafu anaongeza, "Idrisa aliumwa mpaka akafa wala hakulalamika. Beki wetu halalamiki." Vijana wanapiga makofi. Nusura nimrushie kiatu.

Uongo mtupu! Ukuta ulianza baada ya timu ya wenyeji kututoboa kama chandarua, kila beki akidhani mwenzake yupo. Ukaenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, ukaomba vipande vya kitambaa vilivyotupwa, ukatufunga mabeki wanne viunoni, mmoja kwa mwingine. Wachina walicheka mpaka wakakaa chini. Tukafanya mazoezi hivyo hivyo, akianguka mmoja tunaanguka wote. Na sheria yako ilikuwa moja: anayeuacha mstari apige kelele "Natoka!" ili wenzake wazibe. "Beki bubu ni tundu," ulikuwa ukisema. Ulinifokea kwa hilo mbele za watu. Wewe! Bubu kuliko sote.

Basi nilipopewa unahodha nikaongeza sheria. Kabla ya mechi mabeki tunashikana mabega, kila mmoja anataja anapoumwa. Kocha akasema huo ni udekaji. Jumamosi, kwenye nusu fainali, Kalala, yule Mkongo aliyechukua nafasi yako, akaninong'oneza, "Kapteni, kifua iko inaniuma." Nikamvua jezi palepale, nikamwingiza kwenye teksi, na mimi nikapanda na viatu vyangu vya mpira. Nyuma wakabaki mabeki wawili na watu wa kuokoteza. Tukafungwa mabao manne.

Daktari kasema ni msuli tu. Chuo kizima kinanicheka, na kocha kaninyang'anya unahodha. Na achukue. Jioni ile Kalala alikula wali sahani mbili, akalalamika kwamba hauna chumvi, na mimi nikaangua kilio mezani, watu wote wakinitazama.

Mungu akulaze pema, kaka. Bado sijakusamehe, nitajaribu. Ninaloweza kukuahidi leo ni hili: awe nahodha nani, kila beki mgeni nitamkalisha chini nimweleze ukuta huu ulivyoanza. Nitamwambia ulikuwa beki hodari kuliko wote niliowaona. Na nitamwambia ulikufa kwa kunyamaza.

Ndugu yako,
Hamadi