SAWA Kwenye Mstari wa Kwanza

Jumanne, 4 Machi

Arifa mia mbili na kumi tangu asubuhi! Zote zile zile: seva ya maabara inatuma majibu ya wagonjwa, seva yetu ya hospitali haijibu, ya maabara inatuma tena. Na tena. Simu inatetemeka mpaka meza inatetemeka nayo. Mkuu wa idara kapita mara mbili, kasema anataka kimya tu, njia nitajua mwenyewe. Kazi hii itanitoa roho.

Saa tisa – nimepata. Skripti yetu, ile programu ndogo ya kupokea majibu, ilikuwa inaandika jibu la mgonjwa kwanza, halafu ndiyo inaiambia maabara SAWA. Nimeupandisha mstari wa SAWA juu kabisa. Sasa inajibu kwanza, inaandika baadaye. Arifa zikakatika papo hapo. Kwa nini kuandika kulikuwa kunakwama? Mtandao, bila shaka. Nitaangalia kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Sijaangalia. Dada kakatwa kipande cha nyama kwenye ule uvimbe wa shingo, kikapimwe maabara. Nilimpeleka mwenyewe, nikamshikia kadi: 4471. Anatania – eti kama walitaka nyama wangeenda buchani. Mama alianza hivyo hivyo, shingoni. Hatukulitaja hilo, si yeye si mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Utaratibu wa hospitali ni huu: jibu baya likiingia, mfumo unampigia daktari kengele, mgonjwa anaitwa. Siku kumi zikipita hujaitwa, karani wa mapokezi anakwambia nenda nyumbani. Leo dada kaambiwa hivyo. Hakuamini, akanipigia: wewe ndiye mwenye mashine, hebu niangalizie. Nikaangalia. Hakuna kengele. Nikamwambia uko salama dada, mashine hizi nazijua nje ndani. Akalia kwenye simu. Nikalia na mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Darubini kaja mezani kwangu. Ndiye mkuu wa maabara, jicho halimtoki kwenye chombo chake, ndiyo maana tukamwita hivyo. Kauliza kwa upole mbona madaktari hawampigii simu siku hizi. Wiki mbili hakuna aliyemuuliza juu ya jibu baya hata moja.

"Watu wameacha kuugua, mwanangu?"

Nikacheka. Alipoondoka nikaifungua ile skripti.

Tulipohamia seva mpya mwanzoni mwa mwezi huu, nafasi ya maelezo niliitenga herufi mia mbili. Mimi, kwa mkono wangu! Jibu zuri ni fupi: hakuna dalili ya ugonjwa, basi. Jibu baya ni aya nzima – kimeonekana nini, kimefika wapi, kipimwe nini tena. Haliingii. Linatupwa. Zile arifa zilikuwa zinalilia hayo, nami nikazifunga mdomo. Na maabara ikishasikia SAWA, inafuta maelezo yake.

Mungu wangu. Tumewaambia watu waende nyumbani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia mkuu. Hakufoka – afadhali angefoka. Kasema niwatafute wote, karani aanze kuwapigia simu kesho. Bi Darubini anavisoma upya vile vioo vyenye vipande vya nyama, kimoja kimoja; hatamaliza kabla ya Jumanne. Seva ya maabara imebaki na namba ya kadi na urefu wa jibu tu. Nimetoa orodha ya yaliyopotea: kadi thelathini na nane.

Nimeifungua. Nimeifunga. Najiambia jibu la dada lilikuwa fupi, liliingia. Lakini Jumatatu nilitafuta kengele tu! Jibu lenyewe sikulifungua. Nilikuwa na haraka ya kumfurahisha.

Jumamosi, 22 Machi

4471. Mstari wa kumi na saba. Herufi 612.

Nimemwomba karani hiyo moja aniachie.

Jumapili, 23 Machi

Niko kwa dada. Mimi sebuleni, yeye jikoni. Kanunua gauni la shingo wazi, la kwanza tangu uvimbe ule utokeze, na kalivaa tangu asubuhi. Anamsimulia jirani dirishani: mdogo wangu huyu ndiye aliyeniangalizia, mashine zote za hospitali ziko mkononi mwake. Natamani ardhi ipasuke.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza nikaishia kuomba maji. Ya pili nikasifu gauni. Ya tatu nikatoa daftari hili, najifanya nina kazi ya ofisini.

Kaja, anafuta mikono kwa kanga. Kauliza mbona nimepooza hivi, kwani kuna –

Nikamjibu sawa. Kila kitu sawa, dada. Hata hajamaliza kuuliza!

Hakuondoka. Kavuta kiti, kakaa mbele yangu. Anautazama mkono wangu unavyoandika, nami namkwepa macho, na yeye polepole anajifunika kanga shingoni.