Subiri Oktoba

Lupepo,
20 Februari 2000

Mpendwa mdogo wangu Ackson,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla ya kufungua bahasha. Vipi hali yako na joto la huko Dar es Salaam? Sisi huku mvua imetukalia. Nguo hazikauki, migomba ya nyuma ya jiko imelazwa na upepo, na kifua changu kinabana asubuhi, kikishapata chai ya moto kinanyamaza. Mwanangu Lilian yuko Kiwira kwa mumewe Godwin, wote wazima.

Barua hii ni ya shemeji yako. Ile ngiri yake ambayo amekuwa akiiita mgeni, sasa mgeni anataka nyumba nzima. Ambindwile hawezi kubeba kapu la chai, hata kucheka anacheka ameshika tumbo. Daktari amesema ishonwe mapema kabla haijajisokota, na kwamba ni kazi ndogo. Lakini hospitali ya siku hizi si ile aliyokuwa akienda baba na mwili wake tu. Unalipa kwanza, halafu glavu, nyuzi na dripu unanunua mwenyewe. Majani ya chai tumeuza, malipo hayajaja. Akina mama wa kanisani wamechanga wamefika nusu.

Mimi si mwombaji, unanijua. Naomba unimalizie nusu iliyobaki. Mwenye mshahara katika ukoo huu ni wewe peke yako.

Shemeji anakusalimu, anasema uje ule mbalaga, ndizi zetu za kupika, wakati bado ana meno ya kula nawe.

Ni mimi dada yako,
Tusekile


Dar es Salaam,
15 Machi 2000

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa. Mimi ni mzima, kazi ya kutoa mizigo bandarini inaendelea, ingawa kila mara wanapunguza watu. Mpe shemeji pole nyingi.

Nina habari niliyotaka uisikie kutoka kwangu kwanza. Chama kimenipitisha nigombee udiwani wa kata yetu ya Lupepo mwezi wa kumi. Ndiyo, chama cha upinzani. Najua utatikisa kichwa. Akiba yangu inakwenda huko: vipeperushi, mafuta ya gari, spika za mikutano.

Kuhusu ombi lako, nimelifikiria sana na nakuomba unielewe. Naingia kwenye siasa kuwapinga hawa wanaogawa noti na sukari halafu wanapotea miaka mitano. Nikianza kutoa hela kijijini, hata kwa dada yangu, watasema Ackson naye ananunua watu. Halafu nikikulipia wewe, jirani yako mwenye mgonjwa nimwambie nini? Sitaki kumsaidia mmoja, nataka kuwasaidia wote. Sera yetu ni matibabu bure kwa kila mkulima. Tukiingia sisi, hakuna atakayetumwa glavu tena. Shemeji avumilie kidogo, asibebe vitu vizito. Subiri Oktoba, dada.

Nimekuwekea kalenda ya chama. Ibandike sebuleni watu waione.

Mdogo wako,
Ackson


Lupepo,
18 Juni 2000

Mdogo wangu Ackson,

Hujambo. Telegramu niliyotuma sijui kama ilikufikia, maana hukuja, kwa hiyo naandika. Ambindwile amefariki. Tumemzika hapa nyumbani, upande wa migomba.

Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu utauliza. Ngiri ilijisokota mwezi wa tano mwishoni. Alitapika, tumbo likawa gumu kama ubao. Majirani walimbeba kwa machela hadi barabarani, tukapata gari la viazi hadi hospitali mjini Tukuyu. Dirishani niliambiwa nilipe. Nikatoa ile nusu ya akina mama, binti wa pale akasema haitoshi. Alisema kwa heshima, si yeye aliyeweka utaratibu. Nikakaa kwenye benchi. Sikulia wala sikumbembeleza mtu, nilikaa tu.

Kwenye benchi hilohilo alikuwepo Hashimu, yule wa duka la vitenge Msasani ya hapa Tukuyu, ambaye baba yake alikuja huku na cherehani kutoka pwani akaoa Lupepo. Mkewe Safina alikuwa amelazwa. Bila shaka umeshasikia kwamba Hashimu naye anataka udiwani wa kata yetu, kwa chama tawala. Aliniuliza nina nini, nikamwambia. Akaenda dirishani akalipa, akatoka kwenda duka la dawa, akarudi na glavu na nyuzi kwenye mfuko wa nailoni, akaniwekea mapajani. Hakuniuliza nina kadi ya chama gani. Aliuliza jina la mgonjwa.

Walimpasua jioni ileile. Utumbo ulikuwa umeshaoza. Daktari alisema angeletwa wakati ule wa mvua, ingekuwa habari nyingine.

Watu wananiambia, lia, Tusekile, utaumwa. Machozi hayaji. Nachuma chai, napika, nalala, na naona kama ni mtu mwingine anayefanya na mimi namtazama. Najua Hashimu alikuwa anatafuta kura, sikuzaliwa jana. Lakini ndiye aliyekuwepo.

Dada yako,
Tusekile


Dar es Salaam,
2 Agosti 2000

Dada yangu,

Shikamoo. Telegramu na barua yako nimevikuta vyote pamoja leo. Niliomba likizo bila malipo, nikawa mikoa ya Ziwa na viongozi wa chama tangu mwezi wa tano. Nimesoma nimesimama mlangoni, begi bado begani. Shemeji Ambindwile ndiye aliyenifundisha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti, na mimi nikidhani naendesha mwenyewe. Pole dada yangu. Pole sana.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Kifo hiki hakitapotea bure. Kampeni zikianza nitakuja, na kila nitakaposimama nitamtaja kwa jina: mkulima wa Lupepo aliyekufa kwa kukosa glavu katika nchi huru. Watu wataelewa sera yetu kuliko kwa vipeperushi elfu. Naomba ruhusa yako. Ukinyamaza nitajua umekubali.

Mdogo wako,
Ackson


Tukuyu,
10 Oktoba 2000

Dada Tusekile,

Shikamoo. Ni ajabu kukuandikia nikiwa hapahapa Tukuyu. Lakini nilipokuja nyumbani uliniandalia chakula, ukaniuliza habari za safari, ukachukua jembe ukaenda shambani mpaka nikaondoka. Kwa hiyo nampa jirani yako Elina barua hii akuletee.

Nimesikia ya Jumapili. Hashimu alikuwa anagawa sukari na vitenge pale Lupepo. Wewe ukapita katikati ya watu, ukamshika mikono yote miwili, ukamwambia, "Ndaga fijo." Mbele ya kata nzima. Sasa wapambe wake wanaimba njiani kwamba hata dada wa mgombea ametoa asante. Mimi nasimama jukwaani namtaja shemeji hadi sauti inakauka, na mjane wake anamshukuru mtu anayenunua kura! Sheria mpya imewapa na jina zuri, eti takrima, ukarimu wa asili yetu. Ni rushwa ileile, imeogeshwa tu.

Jumamosi nina mkutano uwanja wa shule. Nakuomba upande jukwaani useme maneno mawili, kwamba wewe huuzwi. Ukija nitashinda, dada. Usipokuja, sijui.

Mdogo wako,
Ackson


Lupepo,
12 Oktoba 2000

Ackson,

Marahaba. Nashukuru u mzima, ingawa Elina anasema umekonda. Barua yako imenikuta napalilia.

Dar es Salaam imekusahaulisha lugha ya mama. Ndaga ni asante, ndiyo. Ndaga ni pole pia. Safina alizikwa Ijumaa. Jumapili mumewe alisimama mbele yetu kugawa sukari kwa sababu kampeni haisubiri matanga, na macho yake yalikuwa hayatazami popote. Macho hayo nayajua, ndiyo ninayoyanawa kila asubuhi. Nikamwendea nikampa pole ya mjane kwa mgane. Wapambe wake wakasikia asante, na wewe, mtoto wa mama yangu, ukasikia asante. Hashimu, ambaye Kinyakyusa alikipata kwa mama yake tu, alisikia pole. Alijibu, "Na wewe pia, dada."

Lakini sitakudanganya. Nikiwa njiani kurudi nilijiuliza, nikaona na asante ilikuwemo.

Nilikusikia ukimtaja Ambindwile. Spika zako zinafika mpaka shambani. Ulisema vizuri. Ulisema alikufa kwa kukosa glavu. Hukusema glavu hizo ziliombwa kwa nani.

Jukwaani sipandi. Kura nitakupa, kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Lakini usiwachukie watu kwa kupokea sukari. Wewe sera yako inaanza Oktoba, na kati ya Februari na Oktoba mtu anaugua na kufa. Anayekuwekea kitu mkononi leo, hata kama ana lake moyoni, amekuonyesha kwamba anajua upo. Wewe ulitujua tulipokuwa mfano wa kuhutubia.

Kitenge nilikipokea. Huku ni baridi.

Dada yako,
Tusekile


Dar es Salaam,
26 Novemba 2000

Dada Tusekile,

Shikamoo. Natumaini mvua za kupandia zimewakuta vizuri. Mimi nipo. Niliondoka siku ya matokeo bila kukuaga, nisamehe. Sikutaka kuonwa stendi. Kazini wamenirudisha, na siasa nimeiweka kando.

Hashimu alinizidi kura chache tu, ndiyo maana usingizi hauji vizuri. Kila nikilala nafikiria jambo moja. Watu wetu wameuza miaka mitano kwa kilo ya sukari, na sukari yenyewe imeshaisha. Niambie kama nimekosea. Na niambie ukweli mwingine, kama kweli ulinipigia.

Mdogo wako,
Ackson


Lupepo,
10 Desemba 2000

Mdogo wangu Ackson,

Hujambo? Marahaba. Mahindi yameota vizuri, nguruwe wamekula kidogo upande wa chini.

Nilikupigia. Nilitia alama, nikakunja karatasi, nikatoka nje. Sikusikia kitu chochote, si furaha wala uchungu. Na watu hawakuuza. Muuzaji hupanga bei. Sisi kura tumekuwa tukiitoa bure miaka yote, mwaka huu angalau ilirudi na sukari.

Jambo la nyumbani ni hili. Lilian ni mjamzito, na mtoto amekaa vibaya. Daktari amesema asijaribu kuzaa nyumbani, lazima apasuliwe, mwezi wa kwanza. Godwin tangu walipompunguza kazini anafanya vibarua tu. Nilikwenda kwa Hashimu. Sasa ni mheshimiwa diwani, ana meza yake. Alinipokea vizuri akaniagizia soda. Alieleza kwamba siku hizi hawezi tena kutoa mfukoni kwa mtu mmoja mmoja, wengine watasema anapendelea. Akanishauri niandikishe jina kwa mtendaji wa kata, kamati itakaa mwezi wa tatu, kuna mpango wa kuwasaidia wote. Nilimtazama nikanywa soda. Maneno hayo nilishayasoma kwa mwandiko mwingine.

Sikumchukia, wala wewe sikuchukii. Nafikiri moyo wangu hauna nafasi ya kazi hiyo. Wala sikuombi kitu. Nakueleza tu hali ya nyumbani, kama desturi ya barua ilivyo.

Dada yako,
Tusekile


Dar es Salaam,
16 Desemba 2000

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata asubuhi hii. Nimempa bahasha hii dereva wa basi, ni mtu wa Kiwira, atampa Godwin mkononi. Ndani mna hela. Mpelekeni Lilian mapema, akae karibu na hospitali mpaka siku yake, msingoje uchungu. Usimtangazie mtu imetoka wapi. Ikipungua nijulishe, nitatuma tena.

Sina la zaidi.

Mdogo wako,
Ackson


Lupepo,
21 Januari 2001

Mdogo wangu Ackson,

Hujambo na kazi? Sisi hatujambo. Lilian amejifungua salama kwa kupasuliwa. Mtoto ni wa kiume, mzito, ana sauti ya mnadani. Godwin alitaka aitwe Ambindwile, nikasema sawa. Mama yake anaendelea vizuri, ameanza kukaa kibarazani na kudai ndizi za kuchoma. Hela ilitosha, na iliyobaki tumenunua blanketi. Wote wanakushukuru, na mimi nakushukuru.

Nina neno moja, nalo si la kukuumiza. Bahasha yako ilifika haraka sana. Godwin anasema dereva aliitoa kwenye mfuko wa shati, pamoja na sigara zake. Nilimuuliza Godwin, kiasi hiki mjomba wenu anakipata kwa muda gani. Godwin ana rafiki anayefanya kazi kama yako huko bandarini, akasema ni kama mshahara wa mwezi mmoja, na ile nusu niliyokuomba haikufika hapo.

Mimi mwaka mzima nilidhani ulichoshindwa kunipa ni kitu kikubwa. Ulikiandika kwa maneno makubwa, nchi, wakulima, wote. Nikajiambia, Tusekile, mdogo wako hakuwa na uwezo, jambo lenyewe lilikuwa kubwa kumzidi. Nilikuwa nimekusamehe kwa sababu ya ukubwa wake. Sasa nimekiona. Kinaingia kwenye mfuko wa shati.

Jana nikiwa nachuma chai machozi yalikuja. Wenzangu walinipokea kapu wakanikalisha chini, nikalia mpaka wakamaliza mistari yao na yangu.

Usije kwanza. Nitakuandikia.

Dada yako,
Tusekile