Kuhusu Vifaranga wa Farasi-bahari Wako

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Hapa Buswelu tu wazima. Baba yako ameshavuna mahindi na goti langu limepata nafuu.

Unaniuliza kama uache kufuga farasi-bahari huko Tanga, kwa sababu vifaranga wote aliozaa yule dume wako wamekufa (ajabu ya samaki hao, dume ndiye hubeba mimba). Swali lako limenikumbusha furu wangu, wale samaki wadogo wa ziwani.

Nilikuwa msichana, tukiishi Kirumba. Hali ilikuwa ngumu, lakini hayo tuyaache. Baba yangu, mvuvi, aliniletea furu jike, nikamweka kwenye karai. Akagoma kula, kidevu kikavimba. Nikadhani anaumwa.

"Mwache," baba akasema. "Amebeba watoto mdomoni."

Alipowatoa walikuwa wadogo kama punje za ulezi. Niliwalisha ugali, maji yakachafuka, wakafa wote. Nililia sana. Baba alipoleta jike mwingine aliyebeba watoto, nilimkataa.

Mama akaniuliza, "Kwani huko ziwani nani huwapikia ugali?"

Nikampokea yule jike, nikaenda kwenye mafunjo ya kando ya ziwa, nikachota maji ya kijani yaliyojaa vidudu. Safari hii vifaranga walipotoka, walidonoa vile vidudu mpaka matumbo yakatuna. Nilipoinama kuwatazama wakashtuka, wakakimbilia mdomoni mwa mama yao. Sijawahi kusahau.

Umeandika kwamba mfuko wa dume wako umejaa tena. Basi tafuta mapema vidudu wanavyokula baharini, vikiwa hai. Wakitoka, nipigie ile simu ya picha, niwaone wakila.

Bibi yako, Nyamizi