Nduru Katika Damu Yako

Nyamira,
Februari 1999

Tata,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali. Nimekaa na kalamu mkononi tangu Mama aende kuchuma chai, na sijui niulizeje. Mchungaji alisema mbele ya jeneza lako, baba yangu, kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote mpaka watakapoitwa. Naamini hivyo, kwa hiyo najua hunisomi. Nakuandikia tu, kama mtu anavyomfunikia chakula aliyelala, ili akiamka akipate.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ulivyopenda. Mengine yote tuliyasema kwa Ekegusii, lakini jioni, ukitoka kupima majani kituoni, ulivua lile koti lenye harufu ya chai mbichi, ukakaa karibu na moto na kusema, "Karani wa pili, nisomee insha." Mimi nisiyeweza kuomba chumvi dukani bila kunong'ona, nilikusomea mpaka ng'ombe wakageuza masikio. "Sauti unayo," ulikuwa ukisema. "Sijui mchana humwazima nani."

Basi hii ndiyo insha ya leo.

Mtihani nilimaliza, matokeo bado. Ng'ombe mwenye doa alizaa ndama jike. Kituoni sasa anapima kijana kutoka Keroka, mpole, lakini mtu akilalamika kwamba kikapu chake kimepunjwa, wote waliopanga foleni humjibu kwa sauti yako: "Mzani hauna undugu!" Kisha wanacheka, kisha wananyamaza. Mara ya kwanza nilipowasikia niliacha kikapu chetu pale chini nikarudi nyumbani bila kupimiwa. Sasa nimezoea. Naweza kusema hata nangoja waseme.

Ninalotaka kukuambia hasa ni habari ya damu yako.

Unakumbuka ile wodi ya Kisii, baada ya mvua za Elinino, malaria ilipopanda huku milimani ikakuta watu wasioizoea. Mlikuwa wawili wawili kitandani. Daktari wa utafiti alipokuja kukuomba damu kidogo, ulijaribu kucheka, ukamwambia, "Chukua. Nimewapima watu miaka yote, leo nipimwe mimi." Ukatia sahihi. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu yako. Hiyo ndiyo sauti yako ya mwisho niliyoisikia.

Kisha mvua ikakata barabara. Tulipofika tena Kisii, kitanda chako kilikuwa na mtu mwingine. Magokoro, mama yako, hakulia. Alimshika muuguzi mkono akamwuliza neno moja: "Nani alikuwa naye?" Nikatafsiri. Muuguzi akasema alikuwa na wodi nzima peke yake, hakuweza kujua. Tangu siku ile Magokoro ameliuliza swali hilo mara nyingi, wakati mwingine kwa Mama, wakati mwingine kwa maharagwe anayochambua. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Mwezi uliopita, Jumapili, daktari yule alikuja nyumbani. Ni Daktari Mwanaisha, mtu wa Mombasa, mwenye viatu visivyoelewana na matope yetu. Alimwamkia Magokoro "Bwakire" kwa fahari kubwa, na ilikuwa saa tisa alasiri, nayo ni salamu ya asubuhi. Magokoro akasema kwa Ekegusii, "Naona huko kwao jua huchelewa kuchomoza." Hilo sikulitafsiri. Tukampa maziwa, maana nyumba yetu hukuza chai lakini haiinywi, na kabla povu halijatulia ndugu yako Ombati akawa ameshafika, amekaa karibu na mlango, masikio wima.

Daktari alisema hivi. Katika friza yao kule Kisii bado kuna kichupa kimoja chako. Ndani yake si damu nyekundu, ni yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikitulia. Sasa kuna kipimo kipya, na kipimo hicho kitakimaliza kichupa chote. "Karatasi aliyotia sahihi inaniruhusu," alisema, "lakini kipimo hiki hakukijua. Sikutaka kumaliza kilichobaki chake bila kuwauliza ninyi."

Sote tulidhani tumekuzika bila kubakiza kitu.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Ombati. Alisema kwa Kiswahili ili mgeni asikie: "Nilisema! Sikusema? Hawa watu wanauza damu! Daktari, huko kwenu kilo inakwenda vipi?" Mama akamwambia, "Shemeji, kunywa maziwa." Magokoro alitaka kujua kulikoni, nikamweleza kwa ile sauti yangu, akaniambia nirudie, nikarudia. Akaweka mikono magotini.

"Kwa hiyo siku ya parapanda," akasema, "mwanangu atasimama hapa kwenye migomba alikozikwa, halafu aanze kuuliza njia ya Kisii, akaitafute damu yake?"

Unajua alivyowaumika watu kwa pembe za ng'ombe zamani, wakija na maumivu ya kichwa na mgongo. Alisema damu yote aliyoitoa aliifukia pale pale, mgonjwa akiangalia. Hata ya mtu asiye wake hakuwahi kuiacha juu ya ardhi. "Mwambie airudishe."

Nilimwambia daktari. Hakubisha. Alisema ataileta, wiki hiyo hiyo. Ila aliniomba jambo moja: kwanza nimweleze bibi kipimo chenyewe ni cha nini, asikatae kitu ambacho hajaambiwa. Akanieleza mimi. Alisema chembe za mwili zikipatwa na shida hutoa vitu vidogo mno vinavyoitwa kemokini. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na ugonjwa, huvifuata mpaka penye shida. Kemokini zikiwa chache, msaada hauji. Zikizidi, wasaidizi hujaa mahali pamoja, mwili ukavimba na kuwaka kwa ndani, na penye kuponywa pakaharibiwa. Anataka kujua kama waliokufa na malaria ile walikuwa na kemokini nyingi kuliko waliopona.

Kisha wote wakaniangalia mimi.

Nikuambie yaliyokuwa moyoni mwangu. Sikutaka kichupa kitumiwe, na sikutaka kirudishwe kuzikwa. Nilitaka kikae pale pale kwenye baridi yake, miaka yote, nijue kuna kitu chako ambacho hakijaisha. Na kukipata hicho kulikuwa rahisi. Ningeinamisha kichwa tu na kusema sina maneno. Wote wangeamini, kwa kuwa ndivyo wanavyonijua. Mazungumzo yangekufa, na daktari, asiyetaka jibu la mtu asiyeelezwa, angekiacha pale mwaka mwingine.

Mzani hauna undugu. Nilikusikia kabisa, Tata, kama umesimama kituoni na kikapu changu kinaning'inia.

Ekegusii haina neno la kemokini, au kama inalo silijui. Kwa hiyo nikamwuliza Magokoro kama anakumbuka jiko la Mzee Nyabuto lilipowaka moto. Nani asiyekumbuka? Mke wake alipiga nduru, na wewe ukatoka mbio na koti la kituoni, kijiko cha uji bado mkononi. Watu walitoka kila upande, hata kutoka ng'ambo ya mto. Moto ulizimwa. Kulipokucha tukaona miche yote ya chai ya mzee imelala chini na maharagwe yamekuwa matope, nawe ukasimama katikati ukasema, "Moto umekula jiko tu. Shamba limeliwa na majirani."

Nikamwambia: mwili nao hupiga nduru. Hiyo nduru haina sauti, ni kitu kilichomo katika yale maji ya manjano. Daktari anataka kupima nduru ya Tata ilikuwa kubwa kiasi gani, ajue kama aliuawa na moto au alikanyagwa na waliokuja kumwokoa.

Nilisema yote hayo kwa mfululizo. Ombati alikuwa ameacha kunywa.

Magokoro akauliza kama kujua hivyo kutamsaidia nani. Daktari aliposikia swali aliweka kikombe chini. "Sijui," akasema. "Pengine mwaka huu hakuna mtu. Pengine mgonjwa ambaye bado hajazaliwa. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa namdanganya." Nikatafsiri hata hilo "sijui", jinsi lilivyo.

Magokoro akamgeukia Ombati. "Huyu hauzi kitu. Umewahi kumwona mchuuzi anayesema sijui?"

Halafu akasema, polepole, akiangalia nje kwenye migomba: "Mwanangu hakuwahi kusikia nduru akaendelea kula. Kama kuna mahali anaitwa, aende." Akaninyooshea kidole. "Lakini huyu awepo. Safari hii mtu wa nyumbani awepo."

Nilikwenda, Tata. Maabara yao ni chumba kidogo nyuma ya wodi, kinanukia spiriti na jiki. Fundi wao anaitwa Osoro, mtu wa Suneka, mcheshi, alivaa glavu akanionyesha kichupa chako. Ni kidogo, hakitoshi hata kidole kuingia. Juu yake hakuna jina, ni namba tu. Maji yake yana rangi ya chai iliyozidiwa maji. Aliniuliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo. "Sijasikia," akasema. Alidhani anatania tu, hakujua nawe ulikuwa ukiniambia hivyo hivyo nikinong'ona. Nikasema ndiyo, kwa sauti ya insha.

Kuna bamba la plastiki lenye vishimo vidogo, safu kwa safu, na chini ya kila kishimo wamepaka kitu kinachonasa kemokini ya aina moja na kuziacha nyingine zote zipite. Walikuweka katika vishimo viwili, ili kimoja kikidanganya kingine kikisute. Jirani zako ni watu wengine wa wodi ile, wengine wako makwao leo wanapalilia. Kichupa kikaisha. Nilikiangalia mpaka tone la mwisho.

Baada ya hapo ni kungoja na kuosha, kungoja na kuosha. "Kazi hii, dada, ni ya kuosha vyombo," Osoro aliniambia. "Nikiwa mvivu hapa, vishimo vyote vitatoka na rangi, vyote vitasema uongo." Alasiri akatia maji ya mwisho, meupe kama ya mvua, na akaniita nisogee.

Bluu ilianza kuingia. Ilikuja bila haraka, kama moshi unavyopenya paa la nyasi. Vishimo vingine vilibaki vyeupe, vingine vikawa na kivuli tu. Viwili vyako vilianza mapema na havikusimama, vikazidi kukolea mpaka nikashindwa kuona chini. Kisha Osoro akadondosha asidi, na bluu yote ikageuka manjano kwa mara moja, manjano ya maua ya maboga. Mashine ikazisoma rangi, ikatoa namba.

Daktari Mwanaisha alizitazama muda mrefu. "Kwa baba yako ziko nyingi sana," akasema. Halafu akanionya, na nimeyashika maneno yake: mtu mmoja si jibu. Hata kati ya waliopona wapo wenye rangi. Mpaka wapime wote, kwa kemokini hii na nyingine, hawezi kusema ndizo zilizokuua. Nilimwambia nimeelewa. Nilielewa kweli.

Osoro alikichemsha kichupa kitupu kwa mvuke, katika sufuria lao lenye mfuniko wa skrubu, akanifungia kwenye pamba. Magokoro alinisubiri kwenye migomba, jembe ameshalitoa. Tulichimba karibu na kichwa chako, si sana. Alikiweka mwenyewe, akakifukia kwa mkono, akapapasa udongo kama anavyoupapasa akipanda maboga.

"Alipiga nduru?" akaniuliza.

"Alipiga, Magokoro. Kubwa."

"Waliitika?"

Nikakumbuka onyo la daktari, kwamba mtu mmoja si jibu. Lakini hili halikuwa swali la daktari. Kemokini ndizo zinazoita, na mwili wako uliita kuliko wengi, na wanaoitwa huja.

"Waliitika. Walikuja wengi mno."

Aliokota jani lililoanguka juu ya kaburi, akalikunja, akalikunjua.

"Basi hakuwa peke yake," akasema.

Tangu jioni ile hajaliuliza tena lile swali. Sijui kama maabara ingekubali jibu lake, na sikumwuliza daktari. Mimi nimelipokea.

Daktari anataka nifuatane naye kwenye nyumba nyingine, huku kwetu na upande wa Kenyenya, nikawaeleze akina bibi wengine kabla hawajasema ndiyo au hapana. Nilipoambiwa, mikono ilinitoka jasho, na bado inatoka nikifikiria. Lakini nimekubali. Nakuahidi hivi, Tata: mlangoni pa kila mtu nitasema kwa sauti inayofika ndani, sitaongeza na sitapunguza. Na jibu lisilojulikana nitasema halijulikani.

Mama anarudi, nasikia kikapu kikitua. Lala sasa. Vyako vyote viko hapa kwenye migomba. Siku utakayoitwa huna haja ya kupita Kisii.

Karani wako wa pili,
Moraa